Peugeot 504 na Altezza pale Raskazone: kijana anayetaka nguvu aanzie wapi?

Shikamooni wazee wetu mnaotazama, na vijana wenzangu mambo vipi. Leo tuko Raskazone, Tanga, saa moja na nusu asubuhi. Bahari iko nyuma yangu, jua bado la kuvumilika, na mbele yangu yameegeshwa magari mawili niliyoyatafuta kwa muda mrefu niyaweke pamoja. Hili la kulia ni Peugeot 504 nyeupe, mali ya mzee mmoja wa Chumbageni. La kushoto ni Toyota Altezza ya kijana wa miaka 23, fundi umeme, kalinunua mwaka jana kwa jasho lake. Wenyewe wote wapo hapa, wamenipa funguo bila masharti, na nawashukuru sana kabla sijasema lingine lolote.

Video hii imetokana na swali ninaloulizwa kila wiki: "Kaka, mimi kijana, nataka gari lenye sura na lenye nguvu, nichukue lipi?" Majibu anayopewa huwa ni namba tupu. Farasi ngapi, cc ngapi, mshale wa spidi unafika wapi. Mimi naomba uanze na jambo jingine: gari hilo linaongea? Gari linaloongea linakuambia tairi linashika au linaachia, pembe zake zinaishia wapi, injini imeshiba au inalalamika. Gari bubu lenye nguvu nyingi ndilo linalotumalizia vijana. Na kuongea kwa gari huanzia kwa aliyelichora, kabla hata injini haijawekwa.

Haya, mpiga picha wangu, njoo huku mbele ya 504.

Tazama hizi taa. Hazikuwekwa duara kama za magari mengi ya zama zake. Zimekatwa kwa mshazari, upande wa nje umeinuka, kama macho ya mtu aliyekaza uso akitazama mbali baharini. Umbo hili lilitoka kwa Pininfarina, wachoraji wa magari wa Italia, gari likaonyeshwa Paris mwaka 1968, na mwaka 1969 likatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya. Kabla yake kulikuwa na 404 ya mwaka 1960, ya mkono huohuo wa Pininfarina, ile yenye mapezi nyuma. Wazee wa Tanga wanaijua vizuri.

Sasa nifuate taratibu kwa ubavuni. Mstari wa bodi unatoka kwenye taa, unapita kwenye vitasa vya milango, unakwenda mpaka nyuma bila kukatika. Ukifika kwenye buti, mfuniko wake umevunjwa katikati, unashuka ghafla kama paa la banda. Wengine hawaupendi mshuko huo. Mimi naupenda kuliko kitu chochote kwenye gari hili, kwa sababu ndiko lilikopata sura yake. Ukiliona kwa nyuma tu, hata kwa umbali wa nusu kilomita, unajua ni 504. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini twende kwenye jambo lenyewe. Ingia ndani na kamera, kaa kiti cha dereva. Unaona nguzo hizi zinazoshika kioo cha mbele? Nyembamba, hazizidi vidole vyangu vitatu. Vioo vikubwa, kiuno cha gari kiko chini, boneti lote unaliona mpaka mwisho wake. Yule mama anayevuka na baiskeli kule, unamwona tangu anaanza kukanyaga lami. Na mji huu wa baiskeli nyingi, hilo ni jambo kubwa. Magari ya leo nguzo zake ni nene kwa sababu za usalama wa ajali, na sababu hizo ni za kweli, sizipingi: gari likipinduka, nguzo nene ndiyo itakayokubeba, na 504 haina mifuko ya hewa. Ila kwa kumfundisha mtu kuona barabara, sijakaa kwenye gari lililoizidi hii.

Usukani huu hauna pawa. Gia iko kwenye shingo ya usukani, nne za mbele. Injini ya cc 1971, ya kabureta, na imelazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti likae chini. Mnaona jinsi mchoraji na fundi wa injini walivyoongea? Nguvu yake haifiki farasi 100. Lakini nikigeuza usukani kidogo tu, naipata barabara yote mkononi: hapa kuna mchanga, hapa lami imepasuka, hapa tairi la kushoto limepungua upepo. Springi zake zina safari ndefu ya kwenda juu na chini, ndiyo maana linapita kwenye makorongo kama ngalawa inayopanda wimbi, linainuka, linatua, halikurushi.

Wanaosema hili lilikuwa gari la maofisa na teksi tu, wakumbuke Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Ove Andersson alishinda kwa 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 kwa 504 Coupé ya V6. Na kabla yao, kwa 404, alikuwepo Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda mwaka 1966 akarudia 1967. Mtu wa hapa kwetu, miaka miwili mfululizo, dhidi ya timu zilizokuja na ndege. Nikiwasimulia vijana habari hii huwa wanadhani naongezea chumvi. Siongezi hata punje.

Na tukitaja chumvi, simameni hapa kidogo. Mzee kanionyesha kitu asubuhi hii ambacho nataka kamera ikione kwa karibu sana. Chini ya kila mlango, kwenye ukingo, kuna vitundu vidogo. Sogea, sogea zaidi. Hivi hapa. Maji ya mvua yanayopita kwenye mpira wa kioo huteremka ndani ya mlango na kutokea hapa. Vikiziba kwa vumbi na mchanga, maji yanabaki ndani, na hapa pwani maji hayo hukutana na chumvi ya upepo wa bahari. Mlango unaoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona rangi imefura malengelenge, umeshachelewa. Mzee ana spoki ya baiskeli, kaikunja ncha kidogo, na kila Ijumaa baada ya sala anazungukia milango minne, anazibua kitundu kimoja kimoja. Nimeona mchanga umetoka kama kijiko cha chai kizima. Nikamuuliza, "Babu, hii umeifanya kwa muda gani?" Akanijibu, "Tangu nililipokabidhiwa, mwanangu." Ameshika kibati cha chini ya mlango kwa dole gumba, akakibonyeza, kikakaa imara. Gari la miaka ya sabini, Tanga, na kibati ni cha kiwandani.

Sasa tuhamie kwa kijana.

Altezza ilitoka Oktoba 1998, mhandisi wake mkuu akiwa Nobuaki Katayama, na msimu huohuo wa 1998 na 1999 ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani. Nje ya Japani mliiona kwa jina la Lexus IS. Iliuzwa mpaka mwaka 2005. Kwa hiyo zile za mwanzo zimeshapita miaka 25, na mimi nitasimama popote nitetee kwamba hili ni gari la kale linalokuja. Lina dalili zote. Matairi yamesukumwa kwenye pembe kabisa, mbele na nyuma hakuna nyama ya ziada, mabega ya madigadi yamevimba kidogo tu, kama mtu mwenye nguvu asiyejitangaza. Na taa hizi za nyuma, kioo cheupe na duara nyekundu ndani yake! Dunia nzima iliziiga. Kuna kipindi karibu kila gari la kijana lilibandikwa taa za mtindo huu, mpaka Marekani taa za namna hiyo zikaitwa kwa jina la Altezza.

Ndani, angalia hapa. Saa ya spidi ni kubwa, na ndani yake kuna visaa vidogo vitatu, kama saa ya mkononi ya mpiga mbizi. Mwisho wake ni 180, kama magari mengine ya soko la Japani. Vijana wengi waliniambia walilipenda gari hili kwa sababu ya saa hii tu, na siwalaumu. Ukiwasha usiku, moyo unaruka.

Ila muwe makini, maana kuna Altezza mbili na watu wanazichanganya. AS200 ina injini ya 1G-FE, pistoni sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2, farasi 160. RS200 ina 3S-GE, pistoni nne, lita 2 vilevile, na ile ya gia za mkono sita inatoa farasi 210, lakini inazitoa juu kabisa, kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Hiyo inataka petroli ya okteni ya juu na dereva anayejua anachokitafuta. Hili la kijana wetu ni AS200 ya otomatiki, gia nne. Zote mbili zinasukumwa na matairi ya nyuma, kama 504. Uzito wake ni kama kilo 1,340.

Nimeliendesha jana kutoka hapa, nikapita mjini, nikatoka mpaka Pongwe na kurudi. Pistoni sita mstari mmoja zina utulivu ambao ukishauzoea, pistoni nne zinakuwa kama mashine ya kusaga. Haina haraka. Ukikanyaga, inawaza kwanza, gia inashuka, halafu inavuta kwa sauti nzuri ya puani. Wapo watakaosema ni nzito, haina kasi. Kwa kijana wa mwaka wa kwanza barabarani, mimi naona huo ndio uzuri wake. Nguvu inakuja kwa mpango, unaisikia kabla haijakufika. Usukani una pawa, lakini bado unaongea. Umepunguza sauti tu ukilinganisha na wa 504. Kwenye kona ya mzunguko nilihisi tairi la mbele likinung'unika mapema kabisa, na nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kupunguza. Mafuta, mwenyewe amepima kwa kujaza tenki na kugawanya: mjini anapata kilomita 8 mpaka 9 kwa lita. Kama unataka kubana matumizi, gari hili si lako, nenda kachukue Vitz kwa heshima zote.

Sasa linganisha na yale ya farasi 280. Watengenezaji wa Japani waliwekeana makubaliano ya hiari kutotangaza gari linalozidi farasi 280, na kikomo hicho kilidumu hadi mwaka 2004. Hapo ndipo walipojazana Chaser na Mark II za Tourer V, zenye injini ya 1JZ ya turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na Impreza WRX STI. Ni magari makubwa, nayapenda, na ipo siku tutayaleta hapa. Lakini turbo ya zama zile ina tabia yake: unakanyaga, kimya, kimya, halafu nguvu zote zinafika pamoja, na kama umo katikati ya kona yenye maji, nyuma inakupita. Mdogo wangu mwenye leseni ya miezi sita, nakuomba kama kaka yako, usianzie hapo. Sikuzuii kuota. Nakuomba mpangilio.

Nalisema hili nikiwa na langu moyoni. Nilikuwa na miaka 22, nina gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, si kali kivile. Nikanunua matairi manne kwenye duka moja, nikaambiwa yamekaa stoo tu, ni kama mapya. Yalikuwa yanang'aa kweli, yamepakwa dawa nyeusi. Masika ile, nikitoka Muheza kurudi mjini, kona ya kawaida ambayo nimeipita mara mia, nyuma ikaondoka. Gari likazunguka, likasimama kwenye majani, limeelekea nilikotoka. Kwa rehema za Mungu hakuna basi lililokuja wakati ule. Nilikaa pembeni ya barabara mvua inaninyeshea, miguu haina nguvu. Fundi aliyekuja kunisaidia ndiye aliyenionyesha kitu ambacho nawaonyesha nyinyi sasa.

Kamera, shuka mpaka kwenye tairi. Ubavuni kuna herufi DOT, halafu mfululizo wa herufi na namba, na mwishoni namba nne. Hizi hapa: mbili, tatu, moja, tisa. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi hili limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine namba ziko upande wa ndani, basi lala chini uzitafute, kanzu itafuliwa. Matairi yangu ya siku ile yalikuwa na umri wa miaka 11. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata kama kashata zake bado ni ndefu, na mpira mgumu kwenye lami yenye maji ni kigae juu ya sabuni.

Nimemwambia kijana hapa hadharani, naye kakubali niseme: ya mbele ni mazuri, ya nyuma yabadilishwe kabla ya mvua, na kwa gari hili ni lazima, maana halina mfumo wa kuzuia kuteleza. Hapo yupo dereva na mpira tu.

Kwa hiyo ukienda kununua Altezza, usianze na rimu. Omba gari lipandishwe jeki mbele, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, boli jointi za chini, yaani viungo vinavyoshika gurudumu, zimekwisha, na kwenye gari hili huisha kweli, na ikichomoka tairi linalala ubavu huku unakwenda. Uliza mkanda wa taimingi, ule unaopangia vali na pistoni zamu zao, ulibadilishwa lini. Hesabu ni kilomita 100,000, na kama muuzaji anababaika, chukua kwamba haujabadilishwa, ukatike ujue vali zitagongana na pistoni. Chungulia chini ya dashibodi uone nyaya. Magari haya yamepita mikononi mwa wapenda muziki, utakuta nyaya zimeungwa kwa selotepu ya karatasi. Na zungukia kutu, tumeshaonyeshana pa kutazama.

Kuhusu kukata springi ili gari lilale. Naomba mnisikilize bila kukasirika. Magurudumu yote manne ya Altezza yameshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na urefu wa mikono ile umepigiwa hesabu ili tairi likae wima kwenye kona. Ukikata springi umeifuta hesabu yote, shokapu inagonga mwisho wake, na tairi linakula upande wa ndani. Wachoraji wamekesha miaka, halafu grainda inamaliza kazi yao ndani ya dakika kumi. Fedha hiyohiyo inanunua bushi mpya na pedi nzuri za breki. Gari litarudi kuongea kama siku lilipoteremshwa melini.

Hukumu yangu basi. Kijana wa kwanza barabarani anayetaka sura na nguvu, AS200, ikiwezekana ya gia za mkono, achukue bila wasiwasi kama gari limepita ukaguzi ule. RS200 naiweka mbele yake miaka miwili, akishajua mvua, usiku na uchovu. Peugeot 504 simpi kama gari la kila siku. Spea zake zinatafutwa kwa kuulizia mtu kwa mtu, vingine mpaka vichongwe kwa kerezo, na inataka mtu mwenye subira ya Ijumaa. Lakini natamani kila kijana aiendeshe japo mara moja kabla hajakanyaga gari la farasi 200.

Na ndivyo tulivyofanya. Mzee kampa kijana usukani, wamezunguka wawili kupita Bombo, mjini, wakarudi. Mwanzoni gia ilimgomea, namba moja akaikosa mara mbili, mzee hakusema neno, kamwekea mkono juu ya mkono akamwelekeza. Waliporudi nikawauliza vipi. Kijana kasema, "Kaka, nimesikia kila jiwe." Kisha kazima injini, kateremka, kaenda moja kwa moja kwenye gari lake, kapiga magoti mchangani akapitisha kidole chini ya mlango wa dereva. Akatazama ncha ya kidole, ina tope jekundu.

"Babu," akasema, "niazime hiyo spoki."